Turudi nyumbani Krismasi hata kama hatujajipanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu safari za mwisho wa mwaka, hasa kwa sisi wenye asili ya Kilimanjaro, ambao kila Desemba hutaniwa kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Utani huo siuchukii. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wetu siku hizi hatuhesabiki, kwa kuwa tunabaki Dar es Salaam tukisema bado hatujajipanga.

Treni ya abiria iliporejea Moshi Desemba 2019, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, nilidhani kisingizio cha nauli kimekwisha. Kumbe tatizo halikuwa nauli. Kujipanga ni vitenge vya mama, koti la baba, blanketi la shangazi, viatu vya watoto wa kaka, kreti za soda na bia, pamoja na fedha ya mbuzi wa ndafu, yule anayechomwa mzima, maana imejengeka dhana kwamba mtu anayetoka mjini hawezi kuingia kwenye kihamba (shamba la ukoo lenye makazi) cha wazazi wake akiwa na begi moja la nguo. Ndiyo maana wiki hizi Kariakoo haipitiki, na ndiyo maana wapo watu wazima, wenye kazi zao, ambao huzima simu tarehe 24 ili wasiulizwe wamefika wapi.

Nami nilikuwa mmoja wao. Mkataba wangu wa kazi ulipokwisha, nilikaa Krismasi tatu mfululizo bila kupanda Marangu, nikituma kitenge kwa basi na fedha kidogo kwa simu, nikiamini wajibu nimeutimiza. Nilipokwenda mwaka wa nne, mama alifungua sanduku ili anitolee shuka, nikaviona vitenge vyote vitatu vikiwa bado kwenye mifuko yake ya nailoni, kimoja kikiwa na karatasi ya bei. Sikuuliza kitu. Yeye ndiye aliyesema, huku akiendelea kutafuta shuka: “Nilikuwa nasubiri uje unione nimevivaa, baba.”

Kwa mzee niliumia zaidi. Kwetu mpaka wa kihamba hupandwa masale, mimea inayokuwa alama ya mpaka, na kijana huujua kwa kutembezwa na baba yake, akiambiwa hapa tulielewana na jirani, pale mfereji ulihamishwa, na chini ya migomba ile amelala babu. Safari hiyo ya hatua chache mzee alikuwa ameniwekea kila Desemba. Nilipofika, goti lilikuwa limemshinda. Akanielekeza kwa fimbo akiwa ameketi barazani, nami nikawa nazunguka migombani peke yangu, nikipaza sauti kuuliza kama ni hapa. Masale mawili hatujayapata hadi leo.

Sidharau zawadi, kwani kwa mzee asiye na kipato mfuko wa sukari ni msaada wa kweli. Wala sisemi kufika kunatosha, maana wapo wanaoingia usiku wa tarehe 24 na gari lililojaa, wakashinda baa siku nzima ya Krismasi, na alfajiri ya tarehe 26 wakawasha gari. Hao sijui tuwahesabu wapi. Ninachowaomba wazazi ni kuwaambia watoto wao mapema, ikiwezekana tangu Novemba kabla walanguzi wa tiketi hawajaanza kazi yao, kwamba waje kama walivyo, na kuacha kuulizana kanisani mtoto wa fulani ameleta nini. Swali hilo limewafungia wengi mjini kuliko ukosefu wa fedha.

Sisi tumekwisha kukata tiketi nne za tarehe 20. Nimemwambia mama kwamba mwaka huu tunakuja na sukari na mafuta ya kupikia tu. Akanijibu kwa kuuliza kama mjukuu wake mkubwa ana mabuti ya mvua, maana mzee anataka kumtuma migombani akatafute yale masale mawili.

Mzazi,
Tabata, Dar es Salaam