Barua ya Wazi kwa Wanafunzi wa Vyuo: Unadai Nini Hasa?

Wanangu wa vyuoni,

Marahaba. Naitikia mapema maana najua mngeniamkia, na nina mengi ya kusema.

Nimesahihisha kazi za wanafunzi tangu enzi za taipureta, na meza ya watahini nimeikalia hadi nimestaafu. Kuna jambo linalojirudia kila mwaka. Mwanafunzi anasimama mbele ya jopo, slaidi zimepangika, nguo zimenyooka, sauti inafika hadi viti vya nyuma. Mtahini mmoja anamuuliza kwa upole, "Sasa wewe unadai nini hasa?" Kijana anarudi kwenye slaidi ya kwanza na kusoma kichwa cha utafiti wake.

Kichwa si dai. "Matumizi ya simu na usomaji wa wanafunzi" ni mada, na mada unaweza kuiandikia kurasa mia bila kusema lolote. "Kuiweka simu mbali wakati wa kusoma humsaidia zaidi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuliko wa mwaka wa mwisho" ni dai, hata likija kuonekana si kweli. Mtu anaweza kulipinga, na wewe unajua ushahidi gani uutafute. Sentensi ya namna hiyo ndiyo ninayowaomba muwe nayo kabla hamjafungua kompyuta na kabla hamjapanda jukwaani. Mmezoea kuona kuandika na kuzungumza kuwa masomo mawili, ila ugonjwa wa wengi wenu ni mmoja: asiyejua anadai nini huandika mengi na huzungumza sana.

Tarehe 19 Novemba 1863, huko Gettysburg, Marekani, kulikuwa na hafla ya kuyaweka wakfu makaburi ya askari waliokufa vitani. Msemaji mkuu alikuwa Edward Everett, bingwa wa hotuba wa zama zile, naye alizungumza kwa takriban saa mbili. Rais Abraham Lincoln akafuata kwa maneno yapatayo 270. Kesho yake Everett alimwandikia Lincoln kwamba angefurahi kama kwa saa zake mbili angekuwa ameukaribia ujumbe wa siku ile kama Rais alivyoukaribia kwa dakika mbili. Sisemi kila hotuba iwe fupi. Everett alikuwa na kazi ya kusimulia vita vyenyewe, na hiyo huchukua muda. Lakini yeye mwenyewe alijua nini kilimponyoka.

Fanyeni hesabu. Msemaji wa Kiingereza asiye na haraka hukadiriwa kutamka maneno 120 hadi 150 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo kwa Kiswahili yatapungua. Ukipewa dakika kumi, una nafasi ya maneno elfu moja hivi, na tasnifu yako ina maneno elfu ishirini. Utaitoshelezaje? Hutaitosheleza. Chagua dai, chagua ushahidi wako wenye nguvu zaidi, taja udhaifu mmoja wa utafiti kabla hujatajiwa, kisha keti. Anayejaribu kusema yote huishia kusoma slaidi kwa kasi huku amewapa watu mgongo, na hadhira iliyokwisha kuisoma slaidi ile kimyakimya inamsubiri afike.

Kuhusu woga nitasema machache, maana mnaupa heshima isiyo yake. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na mdomo ukakauka. Hata wazoefu huwapata. Kariri sentensi mbili za mwanzo na moja ya mwisho, kwa kuwa hapo ndipo akili hupotea. Katikati tumia karatasi yenye vidokezo tu. Fanya mazoezi umesimama, kwa sauti, huku saa ikikuhesabia. Kusoma moyoni ukiwa umelala kitandani si mazoezi.

Sasa maandishi. Msianze na utangulizi. Andikeni kwanza mbinu za utafiti na matokeo, kwa sababu hayo mmeyafanya kwa mikono yenu na mnayajua. Utangulizi unaahidi kitakachofuata, na huwezi kuahidi usichokijua bado. Kila aya ibebe jambo moja, na sentensi yake ya kwanza ilitaje. Mkimaliza, someni kwa sauti: mahali pumzi inapokata, hapo sentensi imezidi urefu au mwenyewe hukuelewa unachosema. Na muiogope "ilionekana kwamba". Ilionekana na nani?

Pimeni uzito wa vitenzi vyenu pia. Umehoji watu thelathini wa chuo kimoja, halafu unaandika kwamba utafiti "umethibitisha" tabia ya vijana wote. Haukuthibitisha. Umeonyesha, au unaashiria, kwa kundi hilo. Wengine hudhani lugha ya tahadhari ni unyonge. Kwa mtahini ni dalili kwamba unajua ushahidi wako unaishia wapi.

Marejeo yapo ili msomaji aweze kukufuata hadi ulikochota. Kubadilisha maneno matatu katika aya ya mtu mwingine hakuifanyi yako, na hata ukiiandika upya kabisa, wazo bado ni lake, mtaje. Ile asilimia ya mfanano inayotolewa na programu za kukagua kama umenakili kazi za wengine si hukumu. Kazi yenye asilimia ishirini inaweza kuwa safi kwa kuwa nukuu zote zimetajwa, na yenye asilimia tatu ikawa imeiba kiini chake.

Programu za akili mnemba najua mnazitumia, sitajifanya kipofu. Lakini hutunga marejeo yasiyokuwepo, tena kwa kujiamini, na majina na miaka vikiwa vimekaa sawasawa. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho jijini New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Hao ni watu wazima wenye leseni. Chanzo usichokifungua na kukisoma, usikiandike.

Na rasimu zenu mpelekeeni msimamizi zikiwa bado mbaya. Mficha uchi hazai. Mnazikalia miezi mkingoja zipendeze, kisha mnaambiwa dai lenyewe halisimami, wiki mbili kabla ya tarehe ya kuwasilisha.

Limebaki la maswali, ambalo wengi hamlifanyii mazoezi kabisa. Swali likiulizwa, lisikilize hadi mwisho. Lirudie kwa maneno yako ili ujue umelielewa, nawe upate pumzi. Kama liko nje ya utafiti wako, sema liko nje na uonyeshe mpaka wako ulipo. Kama hujui, sema hujalichunguza. Hakuna jopo nililokaa lililomwangusha mtu kwa jibu hilo pekee, ila nimewaona wakianguka kwa kubuni. Na ukishajibu, nyamaza. Jibu zuri huharibiwa na sentensi ya ziada inayomfungulia mtahini swali jipya.

Ni mimi mzee wenu,
Mtahini mstaafu