Kikundi cha lesi kisigeuzwe kiwanda

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba vikundi vya kusuka lesi (kitambaa chepesi cha nakshi zenye matundu) kwa mkono vimekalia ujuzi bila kuutumia, na kwamba vikipewa mtaji, soko na msimamizi vitajiendesha vyenyewe. Nia yake ni njema, sina shaka. Ila ushauri wenyewe tumeuzoea. Kila tunapoweka meza kwenye maonyesho, swali la kwanza ni "mnauzaje?", na la pili ni "mnaweza kutoa ngapi kwa wiki?" Mimi ni mwanachama wa kikundi kimoja cha namna hiyo, na naona wanaouliza hivyo hawajapata kukaa nasi kikao kizima.

Kikao chenyewe hakina mbwembwe. Kila mtu anakuja na mto wake, mgumu, uliojazwa majani makavu yaliyoshindiliwa au sponji nzito, maana pini sharti isimame wima bila kuyumba. Juu ya mto hubandikwa kadi iliyotobolewa matundu, na kila tundu ni mahali pa pini moja. Uzi umezungushwa kwenye bobini nyembamba za mbao, na bobini hizo hutumika kwa jozi. Mgeni tunamkabidhi jozi mbili, yaani bobini nne tu, pamoja na miendo miwili. Kupishanisha ni kuchukua zile mbili za katikati na kuipitisha ya kushoto juu ya ya kulia. Kusokota ni kuipitisha ya kulia juu ya ya kushoto katika kila jozi. Pishanisha, sokota, pishanisha: umepata mshono uliojaa, unaofanana na kitambaa cha kawaida. Ukiishia kwenye sokota, umepata nusu mshono, ulio wazi na wenye nyuzi za mshazari. Lesi ya bobini, hata ile inayotaka jozi mia na zaidi kwenye mto mmoja, imejengwa kwa miendo hiyo hiyo miwili.

Miendo haimshindi mtu. Kinachomshinda ni mkazo wa uzi. Akivuta mno, ukingo unajikunja kwa ndani. Akilegeza, siku pini zinapochomolewa mishono inaachama. Mkazo haujaandikwa kwenye kadi, na hata mchoro mzuri namna gani hauuonyeshi. Anayejua hukaa ubavuni mwako, akakushika kidole, akakuvutisha uzi mpaka mkono wako uelewe pa kukomea.

Nilimwona mzee wetu mmoja akifumua kazi ya jioni nzima kwa sababu pini moja ilikuwa imerukwa, safu nyingi nyuma. Hakunung'unika. Alirudi jozi kwa jozi, akigeuza kila mwendo kinyume, huku vijana wamesimama nyuma ya kiti chake wakimtazama vidole. Kufumua ni kazi ngumu kuliko kusuka, kwa sababu lazima ujue uzi ulitoka wapi kabla hujaurudisha. Kwa daftari la biashara, jioni ile ni hasara tupu: saa zimekwenda na lesi imepungua. Kwetu sisi ndiyo jioni iliyofundisha kuliko zote. Msimamizi tunayependekezewa angeizuia, tena kwa haki, maana oda ina tarehe.

Tukija kwenye bei, mambo hayawi mepesi zaidi. Ukanda wa upana wa vidole viwili, wenye maua kidogo, humpa mtu mzoefu sentimita chache tu kwa saa. Ukizilipa saa hizo kama unavyomlipa fundi mwingine yeyote, mnunuzi atakurudishia mzigo wako mkononi. Ukishusha bei mpaka mnunuzi aridhike, maana yake msukaji ndiye anayelipia tofauti kwa macho na mgongo wake. Na soko la bei rahisi lilikwisha chukuliwa zamani. Mwingereza John Heathcoat alipata hataza ya mashine yake ya kusuka wavu mwembamba wa lesi mwaka 1809, na mwaka 1813 John Leavers naye akatengeneza mashine ambayo baadaye ilisuka maua na wavu kwa pamoja. Mwaka 1816 wavunjaji wa mashine walikivamia kiwanda cha Heathcoat kule Loughborough wakavunja mashine 55. Yeye akahamia Tiverton, mji mwingine wa Uingereza, akaendelea. Tukisema leo tushindane na mashine kwa wingi, tunaingia kwenye ugomvi ulioamuliwa karne mbili zilizopita.

Hata kabla ya mashine, biashara hiyo haikuwa ya kuonea wivu. Katika maeneo ya kati ya Uingereza watoto wa miaka mitano au sita walipelekwa kwenye "shule za lesi", ambako somo kubwa lilikuwa kusuka. Waliimba nyimbo za kuhesabia pini ili mikono isipunguze mwendo. Usiku watu kadhaa waligawana mshumaa mmoja, kila mmoja akitegeshewa chupa ya duara iliyojaa maji ili ikusanye mwanga na kuumulika mto wake. Mchuuzi aliyenunua lesi mara nyingi ndiye aliyeuza uzi, kwa hiyo alipanga bei ya kuingia na ya kutoka. Watu wanazitazama lesi hizo kwenye makumbusho na kusifu wepesi wake. Mimi nazisifu pia, lakini sitaki kuzirudisha kwa njia zile zile.

Sikatai kwamba lesi imewahi kulisha watu. Wakati wa njaa kuu ya Ayalandi, miaka ya 1840, watawa na wanawake wa huko walifundisha lesi ya sindano (inayoshonwa kwa sindano na uzi, bila bobini) na ya kroshia, na familia nyingi zilipata chochote kwa kazi hiyo. Njaa ikiwa mlangoni, huulizi saa moja inalipa kiasi gani. Wala hatumkatazi mwenzetu kuuza. Yupo anayepokea kazi moja moja, ya harusi au ya ubatizo, akaandika saa zake na kumwonyesha mteja kabla hajaanza. Hiyo ni kazi yake na tunampongeza. Ninachopinga ni kukifanya kikundi kizima kiishi kwa ajili ya oda, kwa sababu siku hiyo anayejua atapewa kusuka na asiyejua ataambiwa asubiri.

Na asiyejua ndiye tunayemhitaji. (Si akina mama peke yao, kama wengi wanavyodhani. Wanaume tunao, na mmoja wao ana mkono mwepesi kutushinda sote.) Ujuzi huu hufa kimyakimya. Burano, kisiwa cha jirani na Venice kilichovuma kwa lesi ya sindano, kilipotaka kuufufua mwaka 1872 kilikuta umebaki kwa bibi mmoja, Cencia Scarpariola. Alijua kusuka ila kufundisha darasa hakuweza. Ikabidi mwalimu wa shule, Anna Bellorio d'Este, akae karibu naye, amtazame, ajifunze, ndipo awafundishe wasichana. Lesi iliyokuwa imevaliwa na wafalme ilisalia kwenye mikono ya mtu mmoja, na bado ilihitaji mtu wa pili wa kukaa karibu naye. Idrija, kule Slovenia, walichukua njia nyingine: shule yao ya lesi ilifunguliwa mwaka 1876 na mpaka leo inapokea watoto. Usukaji lesi wa bobini wa nchi hiyo ukaingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2018. Shule imedumu zaidi ya miaka 140, na watoto wanaoingia wanaendelea kukuta mtu wa kuwakalisha kwenye mto.

Kazi nyingine ya kikundi ambayo haionekani mezani ni kutambua vipande vya zamani. Watu hutuletea vitambaa vya urithi wakiwa na hakika kuwa ni vya mkono. Tunachukua kioo cha kukuzia. Kwenye lesi ya bobini, sehemu zilizojaa zina uzi unaopita juu na chini kama kitambaa, nao unaweza kuufuata ukingoni unapogeuka na kurudi. Lesi ya sindano inaonyesha vitanzi vya tundu la kifungo, safu juu ya safu. Ile ya mashine iliyodariziwa juu ya kitambaa, kisha kitambaa kikayeyushwa, ina manyoyamanyoya ukingoni. Wengine huondoka wamenuna. Hatuwezi kusema uongo ili mtu afurahi, na huduma hii hatuitozi chochote.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, kama wewe na wengine mnataka kukisaidia kikundi cha lesi kilicho karibu nanyi, acheni kwanza habari ya mtaji. Ombeni ukumbi wenye mwanga wa kutosha, maana taa hafifu imewafukuza wanachama wengi kuliko uvivu. Leteni vijana, hata kama watakuja mara moja tu. Na mkikuta kwenye masanduku ya wazee kadi zenye matundu, msizitupe mkidhani ni karatasi chakavu: kadi moja inatosha kuirudisha lesi ambayo yenyewe ilikwisha potea. Vipande vikuukuu msivifue kwa dawa ya kung'arisha na msivikunje; viviringisheni kwenye bomba la karatasi. Mkikuta mto wenye kazi iliyoachwa njiani, uleteni ulivyo, pini zikiwa mahali pake.

Mwanachama wa kikundi cha lesi