Mifupa nayo ipimwe

Mhariri,

Baada ya upasuaji wa saratani ya matiti, dada yangu alianzishiwa letrozoli, kidonge kimoja kila siku. Miezi michache tu, asubuhi akashindwa kufungua hata kifuniko cha chupa, vidole vimekaza. Mgonjwa mwenzake anameza dawa ileile na halalamiki.

Dawa hiyo hushusha estrojeni, homoni inayolinda mifupa. Tofauti za kurithi, mathalani kwenye jeni ya CYP19A1 inayoongoza utengenezaji wa aromatasi, kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni na ambacho letrozoli hukizuia, huenda zinachangia mmoja aumie na mwenzake apone. Kupima jeni kwa ajili hiyo bado si kawaida. Lakini eksirei ya kupima uimara wa mifupa ipo! Mbona dada yangu alipelekwa baada ya kuvunjika kiwiko?

Msomaji wako