Mlango wa gari umeganda? Sukuma kabla hujavuta

Asubuhi za baridi kali, simu nyingi zinazoingia hapa gereji kwetu Brooklyn Park, Minnesota, zinahusu mikono ya milango. Mteja ametoka zamu ya usiku, gari limelala nje kwenye maegesho ya wazi. Anavuta mkono wa mlango, mlango unagoma. Anavuta kwa nguvu zaidi, mara kipande cha plastiki kinabaki kiganjani.

Tunachotaka wateja wetu wajue ni kwamba mara nyingi mkono huo haukuwa na kosa lolote. Kilichoganda ni raba.

Ile raba nyeusi inayozunguka fremu ya mlango imewekwa kuzuia maji na upepo. Theluji ikiyeyuka mchana, maji hutiririka kutoka juu ya gari na kupenya kati ya raba na bodi. Usiku yanaganda, na mlango unashikwa kuanzia juu hadi chini. Mkono wenyewe una kazi ndogo: unavuta kebo au fito nyembamba iliyo ndani ya mlango, nayo inaachia komeo. Kwa hiyo unapovuta, huenda komeo limeshaachia zamani, ila barafu bado imeng'ang'ania. Nguvu zako zote zinaishia kwenye plastiki, na plastiki kwenye baridi kali hukakamaa na kukatika kirahisi.

Basi sukuma kwanza. Egemeza bega au nyonga kwenye mlango, ukandamize kwa uzito wa mwili, anzia juu karibu na kioo ushuke hadi chini. Utasikia barafu ikipasuka kwa mlio mwembamba kandokando ya raba. Ndipo uvute, taratibu. Ukigoma bado, jaribu mlango wa upande ambao haukupigwa na upepo, au hata ule wa mizigo nyuma, uingie ndani uwashe hita. Kabla ya kuwasha, iwe kwa ufunguo au kwa rimoti, hakikisha bomba la ekzosi halijafukiwa na theluji, wala usiache gari likinguruma ndani ya banda lililofungwa. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua.

Maji ya moto tunawasihi msiyamwage kabisa. Kioo kinaweza kupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto, na maji hayo hayo yataingia kwenye kitasa na kuganda upya, safari hii ndani zaidi. Nunua spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, changanya vipimo viwili na kimoja cha maji kwenye chupa ya kunyunyizia, upulizie kwenye ukingo wa mlango. Chupa ikae nyumbani. Ikibaki ndani ya gari lililoganda haitakusaidia.

Tundu la ufunguo likiziba, paka ufunguo sanitaiza ya mikono yenye alkoholi, ingiza na utoe mara kadhaa. Usipulize tundu kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na utaongeza barafu. Ufunguo wenye chipu usiuchome kwa kiberiti.

Wengi hudhani siku zenye baridi kuliko zote ndizo mbaya kwa milango. Tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, lakini baridi ya namna hiyo huwa kavu. Milango hushikana zaidi siku ambazo joto linapanda na kushuka karibu na sifuri, au mvua inaponyesha na kuganda papo hapo, au baada ya kuosha gari. Kuosha ni lazima, kwa sababu chumvi ya barabarani inakula bodi. Ukishaosha, futa raba kwa kitambaa kikavu, kisha fungua na ufunge kila mlango mara chache kabla ya kuegesha.

Baridi kavu nayo ina shida yake: mlango unafunguka halafu haufungi. Grisi ya zamani ndani ya komeo imekuwa nzito, na ile ndoano iliyo ukingoni mwa mlango hairudi mahali pake. Ukibamiza, mlango unadunda. Hili linatutia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu tumeona milango iliyofungwa kwa kamba huku mtoto amekaa upande uleule. Pasha komeo joto kwa draya ya nywele, au pulizia ile spiriti, huku ukivuta mkono mpaka ndoano iachie. Ukifunga mlango na ndoano haijashika, usiingie barabara kuu.

Huduma yetu ya kabla ya baridi ni bora ifanyike Novemba. Tunasafisha raba na kuipaka silikoni (mafuta ya mgando ya ngozi huharibu raba, yaacheni), tunaondoa grisi iliyochoka kwenye komeo na kuweka mpya, tunatia unga wa grafaiti kwenye tundu la ufunguo. Kisha tunazibua vitundu vilivyo chini kabisa ya kila mlango, ambavyo wenye magari wengi hawajawahi kuviona. Vikizibwa na mchanga na majani, maji hukaa ndani ya mlango na kuganda humo humo.

Kama mkono umeshakatika, pitia mlango mwingine na usichokoe pale kwa bisibisi, kwani kwenye magari mengi nyaya za kitufe cha kufungulia zinapita hapohapo. Hifadhi vipande, tupigie ukiwa na namba ya chasisi, tuagize mkono wa upande huo na wa rangi ya gari lako kabla hujafika.