Barua ya wazi kwa vijana wa hisabati: ivunjeni 720720 kabla ya kuisifu

Wajukuu zangu,

Nawasikia mkishindana kutaja namba kubwa, kila mmoja akirundika sifuri kumpita mwenzake. Ukubwa ni sifa hafifu mno ya namba: mwenzako akiongeza 1 tu, umeshashindwa. Chukueni namba moja, 720720, mkae nayo mpaka mzoeane.

Ivunjeni kwanza hadi zibaki namba tasa tupu. Mwanzo wake unaonekana kwa macho: ni 720 mara 1001, na 1001 ni 7 × 11 × 13. Yote kwa jumla ni 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Mkishauandika mstari huo, kikokotoo kiwekeni kando kidogo.

Ina vigawo vingapi? Msivihesabu kimoja kimoja. Kila kigawo huundwa kwa kuchagua: 2 zitumike ngapi, kuanzia sifuri hadi nne (njia 5), 3 zitumike ngapi (njia 3), kisha 5, 7, 11 na 13, kila moja itwaliwe au iachwe. Zidisheni 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2, mnapata 240. Hakuna namba nzima ndogo kuliko hii inayofikisha vigawo 240. Ramanujan, mwanahisabati wa India, alichapisha kazi ndefu juu ya namba za jamii hii, zenye vigawo vingi kuliko kila namba iliyo ndogo kwake, mwaka 1915.

Mstari huohuo unasema kwamba si namba mraba, kwa kuwa 5, 7, 11 na 13 zimo mara moja moja, na katika namba mraba kila namba tasa huwamo kwa jozi. Izidisheni kwa 5005 mtapata mraba wa 60060. Jaribuni wenyewe.

Nicomachus, mwanahisabati Mgiriki, yapata miaka 1900 iliyopita, aligawa namba katika pungufu, kamilifu na zilizozidi, kadiri jumla ya vigawo vyake, ukiiacha namba yenyewe, inavyokuwa ndogo kuliko namba hiyo, sawa nayo au kubwa kuliko hiyo. 6 ni kamilifu: 1 + 2 + 3. Vigawo vya 720720, ukiiacha yenyewe, vinajumlika kuwa 2529072, zaidi ya mara tatu ya namba yenyewe. Hiyo imezidi kwelikweli.

Mtaambiwa pia kwamba ni harshad, jina alilolitoa Kaprekar, mwanahisabati wa India: jumla ya tarakimu zake ni 18, na 18 inaigawanya bila baki. Ni kweli, ila mimi sifa hiyo siipi uzito. Inategemea mazoea yetu ya kuandika kwa makumi. Vigawo 240 havibadiliki, andika utakavyo.

Sifa ninayoipenda kuliko zote ni hii: 720720 ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha namba zote kuanzia 1 hadi 16, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja yao bila baki. Kwa 17 inagoma, inabaki 5. Mkitaka 17 nayo iingie, hamna budi kuzidisha kwa 17 nzima, mfike 12252240. Hapo 18 haidai kitu, maana 2 na 9 zimo tayari. Itakayowadai tena ni 19.