Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasindikaji wa Vyakula na Vinywaji

Ndugu wanachama,

Mikutano ya kamati ilifanyika kama katiba yetu inavyoagiza, mafunzo ya lebo yalitolewa, na hesabu zilizokaguliwa mmekwishazipata.

Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kamati wa kutoa shilingi milioni 1.8 katika akiba ili kumtetea mwenzetu, msagaji wa unga wa mahindi, aliyeshtakiwa kwa niaba ya walaji wote walionunua unga wake. Wengi mmeuliza kwa nini hatukumshauri alipe, yaishe nje ya mahakama. Kesi ya namna hii haibaki kuwa ya mtu mmoja. Ibara ya 22 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu mtu kushtaki kwa maslahi ya kundi, na Ibara ya 46 inampa mlaji haki ya fidia. Tukimlipa mdai wa kwanza bila ushahidi kupimwa, wa pili atabisha hodi kwa msagaji mwingine miongoni mwetu.

Nchini Marekani, picha ya mkate wa Subway, kampuni ya migahawa, ambao haukufika urefu wa inchi 12 uliotangazwa, ilizua kesi nyingi mwaka 2013. Ilibainika kwamba madonge ya unga yalikuwa na uzito uleule na tofauti ilitokana na uokaji, lakini kampuni ilikubali suluhu iliyowatengea mawakili wa wadai dola 520,000, huku walaji wa kawaida wasipate hata senti. Mahakama ya rufaa ya Chicago iliikataa suluhu hiyo mwaka 2017.

Mwenzetu anayo majalada ya vipimo vya sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka), kila moja likiwa na namba ya shehena iliyochapwa kwenye pakiti, na matokeo yote yako chini ya kikomo cha sehemu 10 kwa bilioni. Niliyapitia mwenyewe pamoja na wakili, bila posho. Tangu KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilipositisha vibali vya chapa tano za unga kwa sababu ya sumukuvu Novemba 2019, hakuna msagaji anayeweza kudai kwamba hakujua umuhimu wa majalada hayo.

Wanaolalamika kwamba hawakushirikishwa wakumbuke kuwa mkutano maalumu wa Agosti ulihudhuriwa na wanachama 11 kati ya 64, na kwamba waliolipa ada ni 23 tu. Wakili halipwi kwa malalamiko.

Mwakani tunatarajia, hali ya fedha ikiruhusu, kuafikiana na maabara moja itupimie sampuli kwa bei nafuu. Naomba taarifa hii ipokewe.

Mwenyekiti