Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Asilimia Itajwe na Kianzio Chake

Ndugu wanachama, walimu wenzangu wa hisabati,

Ahsanteni kwa kufika. Chama chetu kimekua kwa asilimia 30 mwaka huu: tulikuwa 40, sasa tuko 52. Nimezitaja namba zote mbili kwa makusudi. Nguvu nyingi za kamati yenu zimekwenda katika jambo hilohilo, kuwazoesha wanafunzi na wazazi wao kuuliza kila wanaposikia asilimia: ya nini, na tangu lini?

Madarasani tumetumia sana Sensa ya Watu na Makazi. Mwaka 2012 Tanzania ilikuwa na watu 44,928,923, na mwaka 2022 ikafikia 61,741,120. Hilo ni ongezeko la asilimia 37.4 kwa miaka kumi. Wanafunzi wengi hugawa kwa kumi wakapata 3.7 kwa mwaka, ilhali kiwango kilichotangazwa ni 3.2. Wanasahau kwamba ongezeko la kila mwaka huhesabiwa juu ya idadi ya mwaka uliotangulia, ambayo nayo imeshakua. Zidisha 1.032 kwa yenyewe hadi itimie mara kumi, utapata takriban 1.37. Kwa mwendo huo idadi ya watu huwa maradufu katika miaka ipatayo 22. Naamini mada ya asilimia ingefaa kuanzia hapa, kwa watu halisi, kabla ya mazoezi ya kitabuni.

Kwa watu wazima, somo lililowagusa zaidi lilikuwa la mikopo. Chukueni mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unaorejeshwa 100,000 kila mwezi pamoja na riba yake. Riba ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa awali, mkopaji hulipa riba ya shilingi 144,000. Ikikokotolewa juu ya salio la kila mwezi, hulipa 78,000. Mkataba wa kwanza na wa pili yote inaandika asilimia 12, na mama lishe anayeweka sahihi ana haki ya kujua anasaini upi. Kazi hii isikome.

Kuhusu mfumuko wa bei, tumesisitiza jambo moja. Wastani wa mwaka ulishuka kutoka asilimia 3.8 mwaka 2023 hadi 3.1 mwaka 2024, lakini bei hazikushuka. Ziliendelea kupanda, ila kwa kasi ndogo zaidi.

Katika afya, vifo vitokanavyo na uzazi vilipungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2015/16, hadi 104 katika ule wa mwaka 2022. Ni punguzo la asilimia 81, na ni fahari ya taifa. Tunapolifundisha, tuitaje pia ile 104, kwa sababu msikilizaji anayeambiwa 81 peke yake hudhani kazi imekwisha.

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia leo kila taarifa ya chama inayotaja asilimia iandike pia namba ya mwanzo, namba ya mwisho na kipindi chake. Mkiridhia, mweka hazina ataanza kufuata utaratibu huo katika taarifa yake ya fedha, ambayo ndiyo ajenda inayofuata.